Picha ya Lencina Dukani kwa Bhanu

Leo Jumatatu na sikwenda kazini. Nimempigia simu Lata, mke wa Bhanu, nikamwambia tumbo linanisokota, naye akaniambia pole Bi Time, kunywa maji ya tangawizi. Tumbo langu halina neno. Ni uso. Sina uso wa kuingia nao katika lile duka. Mume wangu Ameir, ambaye leo yuko zamu ya mchana kwenye mabasi, ananitazama nikikosha masufuria yaliyokwisha koshwa na hathubutu kuuliza. Ananijua. Mie nikikasirika husema, na nikiona haya husema zaidi. Basi nasema.

Duka liko Kingsbury Road, baina ya muuza sari na fundi viatu. Mwenyewe Bhanu ni Mhindi wa Wete, na Kipemba chake kinanishinda mie mtoto wa mjini Unguja. Akikichapa upesi inanibidi nimwambie arudie. Alitoka Pemba baada ya mapinduzi, akakaa Dar es Salaam, kisha mwaka wa sitini na tisa akaja London na mke na masanduku. Mie nimesimama kwenye kaunta yake miaka yote hii. Tunazungumza Kiswahili kutwa, na wateja Waingereza wakiwepo ndiyo kwanza tunanoga, maana hawajui tunamsema nani. Si mtu mbaya. Hilo nataka lijulikane mapema, maana sasa hivi nitamsema.

Kwanza habari ya ukuta. Kwetu huko, nani alifungua duka bila ya picha ya mtawala juu ya kaunta? Baba yake Bhanu alimtundika Sultani. Asubuhi ile ya mapinduzi, hata mlango haujafunguliwa, Sultani alishashushwa, na Rais alipojulikana akapandishwa Rais. Waliochelewa kubadilisha walijuta. Ammi yangu Shaame alichelewa, hakuwa na maana yoyote, alisahau tu, na alipigwa mbele ya wanawe mpaka akapoteza jicho. Kwa hivyo Bhanu alipolinunua hili duka la Kingsbury, jambo la kwanza alilomwuliza yule mzee wa Kiingereza aliyemwuzia ni hili: picha ya Malkia inatundikwa wapi? Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Akamwambia, tundika chochote upendacho, bwana. Bhanu hakuamini. Akapigilia msumari juu ya kaunta, kwa tahadhari, na msumari ukakaa mtupu miaka kumi.

Aliyekuja kuujaza ni Evaristo Lencina.

Siku aliyoingia mara ya kwanza, mwaka wa sabini na tisa, mvua ilikuwa inanyesha na yeye ameroa chapachapa. Kijana mrefu, nywele zimemshuka mabegani, miguu ya matege kidogo. Akasimama mbele ya kreti la muhogo kama mtu aliyekutana na jamaa yake stesheni. Akauchukua mmoja, akaukwaruza ganda kwa ukucha, akaunusa. "Mandioca," akasema, na macho yakamjaa machozi. Mwingereza wa kawaida ukimwonesha muhogo atakuuliza kama ni wa kuchomea moto. Huyu kwao Corrientes, kaskazini ya Argentina, mama yake alikuwa akiuchemsha kila alfajiri. Alizunguka London miezi miwili akiutafuta, hata mtu mmoja wa timu yake ya mpira akamwambia, jaribu kwa Wahindi waliotoka Afrika.

Timu yenyewe siitaji jina. Ilikuwa daraja la pili, huku huku London, na wale mashabiki wake nitawafikia.

Nilimfundisha kuupika kwa nazi. Yeye akatupa maisha yake, kidogo kidogo, akiwa ameegemea magunia ya mchele na kikombe cha chai ya Lata mkononi. Baba yake alikuwa mkata magogo. Watoto wanane, mpira wa matambara, uwanja nyuma ya kiwanda cha mbao, ukianguka unaokota vibanzi magotini. Akiwa na miaka kumi na sita akachukuliwa Buenos Aires, yeye na wenzake wakilala vyumba vya chini ya jukwaa la uwanja, na Jumapili watu wakishangilia vumbi linawamwagikia vitandani. Akaanza kufunga. Alifunga kwa vichwa, kwa miguu yote miwili, magazeti yakamwandika. Mwaka wa Kombe la Dunia kwao, jina lake lilikuwamo kambini mpaka siku za mwisho, kisha kocha akamwita pembeni akamwambia rudi nyumbani. Fainali aliisikiliza redioni jikoni kwa mama yake. Kwao mji mzima ulitoka barabarani kucheza ngoma na yeye akajifungia chooni. Hilo alituambia huku anacheka, lakini chai yake alikuwa haijui tena kama ya moto au baridi.

Ndipo Waingereza wakamnunua, na msimu wa kwanza tu akawafungia mabao mpaka wakamtungia wimbo.

Bhanu alimpenda kwa wazimu. Alimwomba picha, ile anaruka juu ya mabeki wawili, ikatiwa saini na fremu, ikapanda kwenye ule msumari. Mteja akija kununua dengu, anauziwa na historia ya Lencina. "Alipiga kutoka mita arobaini!" Bhanu anasema, mikono hewani, na Lencina kama yupo anaona haya: "Kumi na tano, Bwana Bhanu, na golikipa aliteleza." "Arobaini!" Bhanu hakubali. Alikuwa akimwambia mbele ya watu, wewe ni mdogo wangu, hapa ni kwenu. Alisema hivyo mara ngapi, wallahi siwezi kuzihesabu.

Bibi mmoja mzee wa mtaani, Mrs. Pettit, mie namwita Bi Pettit, alikuwa kila asubuhi akija kuchukua mkate anaipungia mkono ile picha. Hajui mpira. Anasema tu ana miguu mizuri. Huyo bibi hana mtu duniani ila mjukuu wake, Leonard, aliyemlea mwenyewe, na Leonard ni baharia wa jeshi.

Basi mwaka huu wa themanini na mbili, mwezi wa nne, ikaja hii vita ya visiwa vya Falkland, Uingereza na Argentina. Redio asubuhi, televisheni usiku, meli zinaondoka na bendi inapiga. Leonard akaondoka nazo. Na Lencina uwanjani, kila akigusa mpira, watu wale wale waliomtungia wimbo wakawa wanamzomea. Kocha akamweka benchi, akamwambia ni kwa faida yake. Halafu mwenye nyumba wake akampa notisi, ati majirani hawastareheki.

Alikuja dukani akatueleza, ametazama sakafu, anaona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeianza vita. Bhanu akapiga kifua. "Chumba cha juu ni chako! Njoo Jumamosi na vitu vyako. Wakati Hemant ndugu yangu alipofukuzwa Uganda na wanawe, walilala wapi? Humo humo." Lata akafua mapazia siku ile ile. Na mie nilijivuna, sikufichi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Ameir, unamwona Bhanu? Huyo ndiye mtu, anakumbuka alikotoka.

Jumatano redio ikasema meli ya Waingereza imepigwa na watu wamekufa. Si meli ya Leonard, lakini hatukulijua hilo mpaka jioni, na mtaa mzima ulikuwa kimya.

Alkhamisi asubuhi naingia kazini, navua koti, nainua macho. Lencina hayupo. Kwenye msumari yupo Malkia. Na si hata picha ya maana! Ni kitambaa cha kufutia sahani chenye sura yake, cha sherehe ya jubilii ya mwaka wa sabini na saba, Lata alikinunua kwa muuza vyombo, sasa kimepigwa pasi na kuingizwa katika fremu ya Lencina. Kona moja ina alama ya mchuzi.

"Bhanu," nikamwambia, "nini hiki?"

"Vita, Bi Time."

"Najua vita. Nakuuliza nini hiki ukutani. Nani amekuja?"

"Hajaja mtu. Unataka nisubiri waje?"

"Nani kakwambia kitu? Mtu mmoja tu, nitajie!"

"Hajaniambia mtu!" Akaichungulia barabara kupitia dirishani. "Huko kwetu nani alituambia? Uliambiwa wewe? Mambo yakibadilika unabadilisha kabla hujaulizwa. Wewe ammi yako alikuwa na macho mangapi?"

Mwenzangu, nilitaka kumtukana nikashindwa. Kwa sababu nilimfahamu. Mle ndani mwangu, chini kabisa, kulikuwa na kitu kinasema kafanya vyema. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka hivi sasa. Mtaa umejaa watu wanaokunywa chai yao, na sisi wawili tumesimama London tunawaogopa askari wa Unguja.

"Na chumba?" nikauliza.

Akaangalia kando. Nikaona magunia ya mchele yameanza kupandishwa ngazini. "Nitamwambia kina unyevu," akasema.

Hatujamaliza, kengele ya mlango ikalia. Bi Pettit. Macho mekundu, hakulala, lakini kavaa kofia yake kama kawaida. Akainua mkono kuipungia picha, mkono ukabaki hewani.

"Yuko wapi Evaristo wetu?" akauliza.

Bhanu akawa kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Angeweza kusema kweli. Angeweza kusema fremu imevunjika. Nilimwona anatafuta, anatafuta, na alichokipata ni hiki: "Walikuja watu, Mrs. Pettit. Vijana. Walisema tuitoe au watavunja kioo."

Mie nimeshika mkate wake mkononi. Nikaendelea kuufunga karatasi.

Yule bibi alipauka, kisha akawa mwekundu. "Katika mtaa huu? Vijana gani? Wa nani?" Bhanu akasema hakuwajua. "Mjukuu wangu yuko kwenye meli," akasema Bi Pettit, "na mie sijamwambia mtu yeyote atoe picha ya yule mtoto. Wao ni nani?" Akaondoka hata mkate kausahau. Na alipita nyumba hata nyumba. Toba! Kufikia mchana fundi viatu kaja kutupa pole. Mwalimu wa skuli kaja. Mwanamke mmoja ambaye hajawahi kununua kwetu hata kiberiti kaja na maua. Bhanu kila akipewa pole, vijana wanaongezeka. Kwanza wawili, mara wanne, mara mmoja ana kisu. Akawahadithia kama alivyokuwa akihadithia yale mabao.

"Muulizeni Bi Time," anasema, "alikuwapo." Na watu wananitazama kwa huruma, na mie najitia kupanga makopo ya nyanya.

Jioni nilimwambia Lata, mwambie mumeo aache. Lata alikuwa anakunja yale mapazia aliyoyafua. Akaniambia, nimeshamwambia, anasema akiacha sasa itakuwa vibaya zaidi. Hakuniangalia aliposema hivyo.

Ikafika Jumamosi.

Lencina alikuja karibu na adhuhuri. Bi Pettit alikuwamo dukani, kule nyuma kwenye maziwa. Nikatazama mikono ya Lencina nikaona hana sanduku. Amevaa suti yake ya safari za timu, amenyoa, amechana nywele. Akamwendea Bhanu moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bwana Bhanu, nimesikia yaliyokupata kwa ajili yangu," akasema kwa Kiingereza chake kile cha kuvunjikavunjika. "Nisamehe. Umenipa chai yako na ukuta wako, na mimi nimekuletea watu wenye kisu. Sitakuja kukaa hapa. Wakijua niko juu watarudi, na wewe una mke."

Alikuwa anaomba radhi. Yeye! Hakukitazama hata kile kitambaa, alijizuia asikitazame, ili Bhanu asione vibaya. Nilihisi uso wangu unawaka moto mpaka masikioni. Nikageuka kwa Bhanu, nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu, nacheka kama mtu anayetaja bei ya vitunguu:

"Mwambie. Sasa hivi. Mwambie hakuja mtu, akalete sanduku lake."

"Bi Time, nakuomba, ninusuru," Bhanu akajibu, naye anatabasamu. "Nikimwambia nitaitwa nani?"

"Utaitwa mwongo. Kwani wewe nani?"

"Mtaa wote umeshanipa pole. Nitapita wapi?"

"Na yeye atalala wapi?"

Lencina anatutazama, huyu na huyu, anatikisa kichwa kwa upole. Anadhani tunamwonea huruma. Masikini, anadhani tunashauriana vipi tumzuie asiondoke.

Bhanu akamgeukia. Akamwambia kwa Kiingereza, "Labda ni bora hivyo, Evaristo. Kwa usalama wako."

"Ndiyo," akasema Lencina. "Ndiyo, bora hivyo." Na mtu huyu, aliyezomewa na maelfu ya watu akaendelea kukimbia, hapo mabega yakamshuka. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema timu imeshamwacha, atatafuta pahala, asubuhi alijaribu nyumba kadhaa na kila wakisikia anavyozungumza wanamwuliza katokea nchi gani. Bhanu aliposikia hivyo akafumba macho. Nyumba hizo hizo alizibishia hodi yeye mwaka wa sitini na tisa, Lata ana mimba, kila mlango unafungwa. Nilisema sasa atasema. Wallahi nilisema, sasa Bhanu atasema.

Aliyesema ni Bi Pettit.

Alitoka kule nyuma na chupa yake ya maziwa, kafika kifuani mwa Lencina kwa urefu. "Chumba cha Leonard kitupu," akasema. "Kitanda kimetandikwa. Utakaa kwangu."

Lencina akakataa. Akasema haiwezekani, watu watasema nini, wale wenye kisu watakuja kwake. "Waje," akasema yule bibi. "Waje wavunje dirisha la bibi yake baharia, niwaone." Lencina akasema haiwezekani, mama, mimi ni Mwargentina, na kama Leonard, Mungu apishe mbali, kama Leonard. Hakuweza kumaliza.

"Kama Leonard," akasema Bi Pettit, "basi siku hiyo sitakuwa peke yangu nyumbani."

Hapo yule mshambuliaji aliinama, akaweka paji lake juu ya kofia ya yule bibi kizee, na mabega yakawa yanamtikisika. Mie nilishika kaunta. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, maneno yamefika kwenye meno: hakuja mtu, Bi Pettit, hakuna vijana, mtaa wako hauna kosa. Kisha nikafikiri. Huyu bibi anatoa chumba cha mjukuu wake kwa sababu ameona haya kwa ajili ya mtaa. Nikimwambia hana la kuonea haya, itakuwaje? Akisema basi, Wahindi wenye chumba na wakae na mtu wao? Lencina atalala wapi leo? Nikaufunga mdomo. Mpaka sasa sijui kama nilifikiri hivyo kweli au nilikuwa natafuta sababu ya kunyamaza, na Mungu ndiye ajuaye.

Bi Pettit akafuta macho, akamgeukia Bhanu. Akajinyoosha, kama watu wanavyojinyoosha kanisani.

"Mr. Bhanu," akasema, "nimekaa mtaa huu tangu kabla ya vita ya Hitler. Sikudhani nitaliona hili. Mmekuja kutoka mbali mkatuamini, na watu wetu wamewafanyia hivi. Naona aibu kwa ajili yetu sote. Tusameheni."

Nikamtazama Bhanu. Jasho linamtoka chini ya kile kitambaa cha Malkia. Akaweka mkono kifuani, pale pale alipopiga siku aliyomwahidi Lencina chumba.

"Nimewasamehe, Mrs. Pettit," akasema.

Akasamehe! Nilidhani ardhi itafunguka itumeze na duka letu na magunia yetu. Nikataka kumrukia. Nikataka kupiga kelele mpaka Wembley wasikie. Mie, Time binti Matar, ambaye nimefukuzwa arusini kwa mdomo wangu, ambaye mama yangu alikuwa akiniambia ulimi wako utakuponza, sasa ndiyo wakati wa kusema, sasa hivi, na neno moja lingetosha.

Bi Pettit akaja upande wangu. Akanishika mikono yote miwili, mikono yake baridi kwa ile chupa ya maziwa, na Lencina amesimama nyuma yake ananiangalia, macho bado yana maji.

"Na wewe, Time?" akaniuliza. "Wewe ulikuwapo, uliwaona kwa macho yako. Utatusamehe?"

Nikasema ndiyo, nimewasamehe.

Akanishukuru.